Ng'ombe Mwenye Alama ya Ng'ambo

Nikisikia watu wakizisifu serikali mbili kwa kupatana, huwa nauliza kwanza zimepatana juu ya nani. Katika maisha yangu nimeziona serikali mbili zikipatana kweli kweli, ya Wadachi upande wetu na ya Waingereza ng'ambo, na mapatano hayo yalinikuta nikikamua ng'ombe. Wadachi ndivyo tulivyowaita Wajerumani siku zile. Hasira yangu ni ya zamani lakini haijapoa, na sina nia ya kuipoza.

Nilizaliwa na kuolewa upande wa magharibi wa mlima Meru, juu ya Ngaramtoni, kwenye migomba na maharage. Watu wa mume wangu walikuwa wa aina mbili, au tuseme walikuwa watu wamoja waliogawana kazi. Wengine walilima mlimani pamoja nasi. Wengine walifuata ng'ombe huko tambarare, kaskazini, kupita Longido na mbele zaidi. Mahindi yetu yalishuka, ngozi na mifugo yao ikapanda, na aliyekosa mvua alihamia kwa mwenye mvua mpaka mambo yakae sawa. Ukoo ulikuwa mmoja, lugha moja, na masikio ya ng'ombe yalikatwa mkato mmoja. Kisha wazungu wakapiga mstari katikati ya malisho, na siku walipoupiga hakuna aliyekuja kutuambia. Sisi tulikuwa tunapalilia.

Siku nilipoletwa kwa mume nilifanya kama afanyavyo bibi arusi yeyote wa kwetu: nilisimama langoni nikakataa kuingia. Bibi arusi wa kwetu haingii bure. Anasimama ameinamisha kichwa, hasemi neno, na watu wa mume wanaanza kumbembeleza kwa mifugo. Huyu anaahidi kondoo, yule mbuzi, na kila ahadi humsogeza kidogo. Nilikuwa mkaidi tangu utoto, kwa hiyo nilibembelezwa mpaka mama mkwe akaanza kuguna. Aliyeumaliza ukaidi wangu ni baba mdogo wa mume wangu, mzee mrefu, mkavu, aliyekuwa ametembea kutoka ng'ambo ya Longido kwa ajili ya harusi ile. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Ingia, mwanangu. Nimekupa ndama jike, rangi ya majivu, tumbo jeupe." Nikaingia.

Tangu saa ile mimi na yeye hatukuitana tena kwa jina lolote isipokuwa Paashe. Ni neno la Kimaa, limetoka kwenye ndama. Waliopeana ndama huitana hivyo wote wawili, mtoaji na mpokeaji, mpaka mmoja afe. Ukipewa kondoo kuna jina lake, na ukipewa ng'ombe mkubwa lipo la kwake. Mtu anaweza kuwa na majina kadhaa ya namna hiyo, kila moja likiitwa na mtu mmoja tu duniani. Mimi nilikuwa na hilo moja la ndama, na nililipenda kuliko jina nililopewa na wazazi.

Ndama alipoacha kunyonya, mume wangu alikwenda kumleta. Alikuwa na mkato wa ukoo sikioni kama ng'ombe wetu wote, lakini pajani alikuwa na alama ya moto ya nyumba ya Paashe, mistari miwili iliyokutana chini. Kwetu mnyama wa zawadi hachomwi alama ya pili. Alama ya mtoaji inabaki pale pale, ili kila amwonaye ajue mnyama huyu ametoka katika mkono wa nani. Kuchoma alama yako juu ya ile ni kumfuta mtu, na wanaofanya hivyo ni wezi.

Akakua, akazaa, akatoa maziwa mengi. Nilipomzaa binti yangu wa kwanza, maziwa yangu yalikuwa haba na mtoto alilia mpaka majirani wakachoka. Ng'ombe yule ndiye aliyemlea. Mama mkwe alikuwa akimbeba mjukuu wake, anampiga piga mgongoni, anasema, "Huyu si mtoto wenu, huyu ni mtoto wa Paashe." Tulicheka, na mtoto akanenepa.

Sasa njooni kwenye mapatano. Habari zake tulizipata kwanza kwa mabega. Wanaume wa kwetu, mume wangu akiwa mmoja wao, walikamatwa kubeba mizigo ya bwana wa boma la Arusha mpaka mpakani, na kati ya mizigo hiyo kulikuwa na meza. Meza nzima, ya mbao nzito, na viti vyake. Waliibeba kuzunguka mlima, wakaipitisha kwenye lile vumbi la Longido, wakaitua mahali ambapo Mdachi mwenyewe alipima kwa macho, akasogeza, akapima tena. Alitaka mstari upite katikati ya meza. Mwingereza akatokea upande wake, Mdachi akakaa upande wake, wakala, wakanywa, kila mmoja katika nchi yake. Walipomaliza waliondoka pamoja kwenda kuwinda swala, na kwenye kuwinda hawakujali mstari. Mume wangu alirudi na bega limechubuka akanisimulia, nami nikacheka mpaka machozi. Nilidhani wazungu wamepungukiwa na akili tu.

Walichokubaliana kilisomwa gulioni Ngaramtoni, siku ya gulio, na mkalimani wa boma. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na sauti nzuri, anayekaa mjini na wafanyabiashara wa kwao. Alisimama juu ya jiwe akatutangazia kwamba serikali hizi mbili sasa ni marafiki, na kwa ajili ya usalama wetu zitasaidiana. Mwizi akikimbilia huku, atarudishwa kule. Mtu akivuka bila cheti, atakamatwa na kurudishwa kwao. Na ng'ombe yeyote mwenye alama ya watu wa upande mwingine, akionekana bila cheti, atahesabiwa kuwa wa wizi na kurudishwa.

"Usalama wetu?" akauliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ugoro karibu nami. "Nani alikuwa ametutisha?"

Wezi walikuwapo, sikatai. Kila mtu Ngaramtoni aliwajua walioshusha ng'ombe wa watu kutoka kaskazini wakati wa giza, na alijua wanawapeleka wapi, kwa sababu nyama yao ililiwa boma. Mkubwa wao alikuwa ndiye mzee aliyewekwa na Wadachi kutuamrisha mtaani kwetu. Huyo hakurudishwa popote. Mtu anayevuka gizani na ng'ombe wa wizi hapatikani, na aliyekuwa anapatikana ni yule anayevuka mchana, kwenye njia, akimsalimu kila anayekutana naye.

Mzee yule wa boma alikuja nyumbani kwetu mwenyewe. Nitampa haki yake: alikuja kutuonya kabla ya askari. Alimtazama ng'ombe wangu, akamzunguka, akaweka fimbo yake juu ya ile mistari miwili pajani.

"Hii ni alama ya ng'ambo," akamwambia mume wangu. "Pasha chuma leo, choma alama yako juu yake, jambo liishe. Mimi nimefanya hivyo kwa wangu wote."

"Wako nilijua umewafanya hivyo," nikasema.

Hakupenda jibu langu, na mume wangu alinikanyaga mguu. Mzee alipoondoka tulikaa karibu na moto. Mume wangu alitazama moto, akanitazama mimi. Alikuwa mtu mpole, asiyependa makuu, na najua angechoma kama ningemwambia achome. Nilimwambia ng'ombe huyu ni wa jina langu na hataguswa na chuma nikiwa hai. Naye akasema, "Basi," akaenda kukata majani.

Askari walikuja tukiwa bado tunakamua. Waliwatoa zizini ng'ombe wote, wakatazama mapaja, wakamtenga wa kwangu na ndama wake. Niliwauliza ni nani aliyelalamika kwamba ameibiwa. Wakasema hakuna haja ya mlalamikaji, alama imesema. Wakamfunga mume wangu mikono, kwa kuwa ng'ombe wa wizi lazima awe na mwizi, na wakawaongoza wote watatu kuteremka. Nilibaki na kibuyu mkononi na mtoto mgongoni. Kisha nikaweka kibuyu chini nikawafuata.

Boma lile jeupe tulilijua. Wanaume wetu ndio walioburuzwa kulijenga, na mawe yake tuliyatoa wenyewe. Nje yake palikuwa na zizi la miiba lililojaa ng'ombe wa watu kama mimi: wa mahari, wa urithi, wa kutunziana, kila mmoja na hadithi yake na alama yake. Kulikuwa na wanawake wengi wamesimama pale. Wanaume walikuwa ndani, kwenye mnyororo. Nilitaka kitu kimoja tu, ng'ombe wangu arudi nyumbani akiwa wangu, kwa sababu hilo likithibitika mume wangu si mwizi na mtoto wangu atakula.

Mkalimani alinisikiliza. Sitamsema vibaya mtu yule, alikuwa na moyo, na Kimaa alikijua kuliko wazungu wote pamoja. Nilimweleza habari ya lango na ndama na jina. Akaingia ndani akamweleza bwana wa boma, akatoka.

"Bwana anasema ni hadithi nzuri, lakini aliyetoa hayupo," akaniambia. "Na asiyekuwapo na lake halipo, mama."

"Basi mwiteni."

"Yuko kwa Waingereza. Hawezi kuitwa. Hana cheti cha kuvuka."

"Na ng'ombe wangu je? Ameombewa cheti cha kwenda huko?"

Akacheka kidogo, akaangalia nyuma kama bwana wake anamwona, akaacha kucheka.

Niliporudi nilimpitia yule mama wa ugoro nikampa ujumbe. Yeye alikuwa na mwenzake wa Longido, na wa Longido alikuwa na wenzake ng'ambo, wote wauzaji wa ugoro na vibuyu. Katika mapatano yao yote wazungu walisahau wanawake. Tulipita na kurudi na mizigo yetu vichwani na hakuna aliyetuomba cheti, maana hawakutuhesabu kuwa watu wa kuvuka mahali. Neno langu likaenda hivyo, mkono kwa mkono. Sikumwomba Paashe aje. Niliomba tu ajue ng'ombe wetu amekamatwa na mume wangu anaitwa mwizi wake.

Alikuja. Ningeweza kuwaambia kabla kwamba atakuja, na kwamba atakuja mchana. Mtu mwingine angejificha vichakani, angezunguka usiku. Yeye alipita katikati ya njia, akawasalimu askari wa Longido, akawaambia anakwenda boma kusema habari za ng'ombe aliyempa Paashe wake. Hawakujua la kufanya naye, wakamwacha apite. Katika akili yake shauri lilikuwa jepesi. Watu wamekosana juu ya zawadi, aliyetoa anakuja, anasema, watu wanakunywa maziwa, wanaagana. Wazee wetu wote walikuwa wakifanya hivyo, naye hakuona kwa nini wazungu wawe tofauti.

Aliponiona nje ya boma alisimama, akaegemea fimbo.

"Paashe, takwenya," akanisalimu.

"Iko, Paashe," nikaitikia, na machozi yakanitoka mbele ya askari.

Tuliitwa ndani ya ua. Bwana wa boma alikaa kwenye kiti cha ile meza, naijua kwa sababu mume wangu alinionyesha kwa kidevu, akiwa kwenye mnyororo. Hakuwa mtu wa kufoka. Alizungumza taratibu, na alionekana kufurahia kwamba mapatano yake yanafanya kazi. Akamtaka mkalimani aulize kama mzee huyu anamjua ng'ombe yule.

"Namjua," akasema Paashe. "Nimempa huyu binti langoni, siku ya kuingia kwake."

"Basi sema hivi," mkalimani akasema, na hapo aliongea Kimaa chake chote, pole pole, ili kusiwe na kosa. "Mzee, nisikilize vizuri. Mbele ya bwana sema hivi: ng'ombe huyu si wangu, sina sehemu naye tena, ni wa mwanamke huyu peke yake. Ukisema hivyo leo leo wanaachiliwa."

Paashe alimsikiliza mpaka mwisho. Alielewa vizuri sana, nataka hilo lijulikane. Kuna watu waliokuja kusema baadaye kwamba mzee wa porini alichanganyikiwa na maneno ya serikali. Hakuchanganyikiwa hata kidogo.

"Nitasema ni wa Paashe wangu," akajibu. "Hilo nitalisema mpaka jua lizame. Lakini kwamba sina sehemu naye, hilo silisemi."

Kwetu maneno yale husemwa mara moja tu, wakati watu wawili wanaachana kabisa. Unasema huna sehemu na mnyama uliyempa mwenzako, na tangu hapo jina limekufa, na mwenzako ni mgeni kwako, na watoto waliokua kwa maziwa ya mnyama yule ni watoto wa wageni. Ni laana. Binti yangu alikuwa mgongoni mwangu, akicheza na ushanga wa shingo yangu.

Mkalimani alijaribu tena, akamsihi. Bwana wa boma akauliza kunani.

"Muulize jambo moja," akasema. "Ana sehemu au hana?"

"Ninayo," akasema Paashe. "Kama sina sehemu naye, huyu mwanamke ni nani kwangu?"

Kwa pumzi moja nilimkasirikia. Mume wangu alikuwa pale na chuma shingoni, na maneno machache tu yangemfungua. Halafu nikakumbuka chuma nilichokataa kipashwe nyumbani kwangu, nikaona kwamba yeye na mimi tulikuwa tumejibu jibu moja. Waliokuwa wameuliza swali la kijinga ni wao.

Bwana wa boma akafanya kama mtu aliyemaliza hesabu. Mwenye ng'ombe ni mtu wa Waingereza na amekiri mwenyewe, kwa hiyo ng'ombe arudi kwa Waingereza. Aliyekutwa naye ni mume wangu, kwa hiyo apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kisha akachimbe barabara. Na mzee mwenyewe amevuka bila cheti, kwa hiyo afungwe kamba, apelekwe mpakani pamoja na ng'ombe, akabidhiwe kwa rafiki zetu. Kila kipande cha mapatano kilipata mtu wake siku ile. Mwizi alikosekana tu.

Walimpiga palepale uani, na sisi wanawake tulilazimishwa kutazama. Sitaeleza. Walimtoa Paashe na kamba kiunoni, nyuma ya ng'ombe wangu. Alipopita karibu nami alisema, "Usilie. Anakwenda kwetu, si kwa wageni." Ng'ombe alikuwa anaita, kwa kuwa saa ya kukamuliwa ilikuwa imepita na kiwele kilikuwa kinamuuma.

Mtoto wangu nilimlea kwa uji na kwa maziwa ya kuomba. Aliishi. Wa jirani yangu, ambaye ng'ombe wake alikwenda siku ile ile, hakuishi. Mume wangu alirudi kutoka barabarani akiwa amekonda, na kwa muda mrefu hakulalia mgongo. Kupitia akina mama wa ugoro tulisikia kwamba Waingereza nao walimfunga Paashe, kwa kosa la kutoka bila cheti, na walipomfungua walimkabidhi ng'ombe wangu na kumpongeza kwa kurudishiwa mali yake. Mtu mmoja alikuwa mhalifu na mwibiwa kwa siku moja, na wale walioapa kusaidiana hawakuona ajabu. Paashe aliwajibu kwamba ng'ombe si mali yake, anamtunzia Paashe wake. Wakacheka.

Kisha kukawa na gulio jingine, na mkalimani yule yule akapanda juu ya jiwe lile lile. Sauti yake haikuwa nzuri tena. Alitangaza kwamba vita vimeanza, kwamba Waingereza ni adui, kwamba ni adui wabaya tangu zamani, na kwamba yeyote atakayewapa maji atanyongwa.

Halafu mama wa ugoro akauliza kwa sauti kubwa, "Na ng'ombe wetu mliowapelekea?"

Watu wakaangua kicheko, kicheko kibaya. Mkalimani akashuka kwenye jiwe.

Hawakukawia kuja kumtafuta mume wangu. Walitaka wanaume waliokuwa wakivuka zamani, wanaojua visima na njia. Kosa alilopigiwa kiboko likawa sasa ni ujuzi, na walimsifu kwa ujuzi huo huku wakimshikia bunduki. Walipewa kazi ya kwenda na askari ng'ambo kuswaga ng'ombe wa kulisha jeshi. Sikilizeni tena hapo kama hamkuelewa. Mtu waliyemchapa kwa kusema ni mwizi wa ng'ombe wa ng'ambo, walimpeleka ng'ambo kuiba ng'ombe.

Yaliyotokea huko aliniambia mara moja tu. Askari walizingira maboma kadhaa ya wafugaji, na moja likawa la Paashe. Mume wangu alijifunika shuka usoni kwa aibu, lakini mzee alimtambua kwa mwendo. Hakumlaumu. Alipita katikati ya askari, akaingia kwenye kundi, akamtoa ng'ombe wangu wa rangi ya majivu na wanawe wawili, akawaleta mpaka mbele ya mume wangu.

"Hawa wasichanganywe na wengine," akamwambia. "Hawa ni wa Paashe wangu. Vizuri kwamba umekuja mwenyewe, sasa mpelekee mkononi mwake."

Askari wakawaswaga wote pamoja.

Nilipopata habari nilimchukua binti yangu kwa mkono, maana sasa alikuwa anatembea, tukateremka. Zizi la miiba lilikuwa pale pale. Nilimwona kabla hatujafika, na nilipomwita aligeuza kichwa. Ile mistari miwili ilikuwa pajani, safi, haijaguswa. Nilimwendea mkalimani nikamwambia, "Umemwona mwenyewe zamani. Unamjua. Huyu ni wangu."

Mtu yule alikuwa amezeeka ghafla. Hakunitazama. "Mama," akasema, "wanasema huyu ni ng'ombe wa adui."

"Zamani mlisema ni ng'ombe wa rafiki!"

"Ndiyo, mama."

"Atakuwa wangu lini?"

Akaingia ndani, na simlaumu. Alipokuwa mali ya rafiki yao sikumpata, na alipokuwa mali ya adui yao sikumpata. Walimchinja mchana ule pamoja na mkubwa wa wanawe, na yule mdogo kesho yake. Binti yangu aliniuliza kwa nini hatuondoki. Nikamwambia yule ndiye aliyekulea, naye akaniuliza, "Sasa wanamla?" Nikamwambia ndiyo, wanamla. Sikuona sababu ya kumdanganya.

Wadachi wakakimbia, Waingereza wakaja kwa njia ile ile ya Longido, wakakaa katika boma lile lile. Sasa mfalme alikuwa mmoja huku na kule. Nilidhani mstari utafutwa, kwa kuwa haukuwa tena na kazi. Haukufutwa. Cheti kiliendelea kudaiwa, na kwenye kizuizi walisimama askari waliozungumza Kiswahili kile kile. Rafiki, adui, mfalme mmoja, kwetu yote yalikuja na cheti.

Paashe alikuja siku moja, bila cheti, mchana, katikati ya njia. Alikuwa amepinda na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Mume wangu alimwona kwa mbali akaingia migombani, hakuweza kumkabili. Nilimkaribisha kivulini pembeni ya nyumba, nikampa maziwa niliyoomba kwa jirani, akanywa taratibu. Tuliulizana habari za mvua, za watoto, za waliokufa. Kisha akaweka kibuyu chini.

"Paashe," akaniuliza, "ng'ombe wako alifika?"

Niliyakumbuka yote kwa mara moja, meza, kamba, zizi la miiba. Mbele yangu alikuwa mzee aliyefungwa na serikali mbili kwa sababu hakukubali kunikana, na aliyemtoa ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe akiamini anamrudisha nyumbani.

"Alifika, Paashe," nikasema.

"Na wanawe?"

"Wote."

Akatikisa kichwa polepole, ameridhika. Akageuza lile jicho zima akalitazama zizi letu. Lilikuwa tupu, na majani yalikuwa yameota mlangoni. Akalitazama kwa muda, halafu akatazama jua.

"Wako malishoni," akasema.

"Wako malishoni," nikaitikia.

Akashika fimbo yake, akainuka, akasema safari ni ndefu na heri aanze mapema. Nilimsindikiza mpaka njia panda, tukaagana kwa jina letu. Aliondoka kabla ya saa ya mifugo kurudi zizini, na mpaka leo sijui kama aliharakishwa na safari au alikuwa ananihurumia.